Mistari ya Zambarau

Jumatatu, 3 Juni 1996. Dar es Salaam
Mionzi mara ya saba. Haiumi, foleni ndiyo inayoua. Daktari karudia: saratani ya tezi za limfu, ila yangu imeanzia kwenye ini. Nadra sana. Bahati nasibu sijawahi kushinda, hii nimeshinda.

Mistari ya zambarau waliyonichora tumboni ndiyo inayoiongoza mashine. Marufuku kuiosha. Sina nguvu, kwa hiyo Dada Milembe ananiogesha. Mgongo kwa dodoki, tumbo kwa kitambaa, pembeni ya mistari. Mimi nafumba macho kama mtoto.

Jumatano, 5 Juni
Mistari imefifia. Muuguzi kauliza nani ananiogesha. Nikamfokea mbele za watu. Nikaapa kwamba dada yangu, aliyenibeba mgongoni utotoni, hawezi kunidhuru. Dada kainama. Nikadhani anaumia kwa kusingiziwa. Wamenichora upya.

Ijumaa, 7 Juni
Imefutika tena. Mionzi imesimama wiki nzima, mpaka wapime upya. Uvimbe hausubiri. Naogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeikuta sababu. Unga wa mizizi, umefungwa kwenye pindo la kanga ya Dada. Anautia kwenye maji ya kunifutia tumbo. Hakukana.

"Mdogo wangu, nfumu kasema hiyo mistari inaufungia ugonjwa ndani. Dawa kaileta Baba Kulwa mwenyewe, kutoka Mwakitolyo."

Mume wangu! Kaenda kwa huyo nfumu, mganga anayewaagulia wachimbaji wapi pa kuchimba dhahabu. Nimeaguliwa kama shimo. Dada anasema hata mama yetu alijua. Wote walijua, isipokuwa mwenye tumbo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye kanga ya dada. Nilimwapia yule muuguzi! Wamenisaliti. Nimemwambia Dada asiniguse tena.

Jumapili, 14 Julai. Ngokolo
Nipo nyumbani. Mionzi imekwisha. Daktari hakuahidi kitu, nirudi Septemba. Baba Kulwa kachinja kuku, macho yake yako chini.

Sasa ruhusa kuosha mistari. Nimeoga mwenyewe, polepole, mpaka maji yakaacha kuwa ya zambarau. Mgongo sikuufikia. Dada alikuwa nje ya mlango na dodoki. Nilimsikia akikohoa.

Sikumwita. Nikajimwagia maji, nikavaa.