Uzi Mweusi Nyuma ya Betri

Mwanangu uliye mbali na mkono wangu, bahati yako,

Salamu nakuletea kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu unazistahili. Ukiuliza hali yangu, mgongo unauma, magoti yanalalamika, mdomo ni mzima kama unavyosoma. Mkeo msalimie sana, wajukuu zangu wabusu. Wewe jisalimie mwenyewe.

Tuje kwa Kifaru. Gari lile ni kongwe kuliko ndoa yako na lina adabu kukushinda. Limepanda milima na kuvuka mito, leo linagoma uani kwangu! Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Nikaanza kama nilivyokufundisha enzi zile ukijipaka grisi mpaka puani. Betri nzima. Petroli inafika kwenye kabureta. Niliionja, mama yako akaniita mwehu. Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikamwomba azungushe ufunguo. Hakuna cheche. Nikasugua platini, nikabadilisha plagi, nikabadilisha hata koili, vyote vya kuleta cheche. Wapi!

Macho yangu siku hizi yana ukungu, unajua, kwa hiyo mama yako ndiye aliyenishikia tochi. Akinipa pole, akiniletea chai, akiuliza kama nimepata.

Nilipochoka nikamwendea fundi wa pale kona, yule Tumbo Mbele, kwa kuwa ndiye wa mwisho kumgusa Kifaru. Mbele ya wateja wake nikamwambia ameniibia kifaa na kwamba hata toroli hawezi kulitengeneza. Akanijibu nikaliuze gari kwa kilo, na mimi nipande mizani hiyohiyo.

Jana mama yako alipotoka kupeleka nguo alizomshonea mteja, nikaacha kutazama nikaanza kupapasa. Nyuma ya betri kidole kikagusa kitu laini. Uzi! Uzi mweusi wa cherehani, umezungushwa kwenye waya mweusi wa koili, ncha imefichwa kwa ndani kama anavyofunga vifungo vya makoti. Chini ya uzi, waya umekatwa. Umekatwa kwa mkasi ule ambao mimi nikikatia karatasi tu, nyumba haikaliki. Mwanamke amenimulikia gari zima isipokuwa pale!

Lakini mama yako hajui koili wala kabureta. Kwake vyote ni vyuma vya kunichafulia mashati. Waya gani ukatwe gari lizime bila kuharibika, hilo analijua mtu niliyemfundisha mimi. Kumbe ndizo zile simu zenu za kunong'onezana jikoni! Msaliti mkubwa wewe. Mngeniambia usoni kwamba mzee, macho yamekwisha, shuka. Ningewatukana, ndiyo, na spana ingeruka, lakini ningekuwa nimeambiwa kama mtu mzima. Mmeniacha nikisugua vyuma vizima kama mtoto aliyepewa usukani wa kuchezea. Nina hasira hadi kalamu imetoboa karatasi, kama unavyoona.

Sasa sikiliza jambo ambalo mama yako halijui. Niliunga ule waya. Kifaru akanguruma, nami nikatoka naye getini kwenda kumpigia fundi honi hadi anikome. Karibu na kona nikaona gunia la mkaa njiani. Nikasema nitalipita pembeni. Gunia likasimama. Likanitukana matusi yasiyofaa kwenye barua ya familia, na sauti nikaitambua. Tumbo Mbele alikuwa ameinama akikaza gurudumu la mteja. Bampa ilisimama karibu kiasi kwamba suruali yake iliifuta vumbi.

Yeye ndiye aliyelirudisha gari nyumbani, mimi nimekaa kiti cha pembeni. Nilimwomba radhi kwa yote mawili. Alipoondoka nikachukua mkasi wa mama yako, nikakata waya palepale, nikazungusha uzi. Nimefunga ovyo, akiupapasa atajua si mkono wake.

Leo asubuhi ameniuliza kama nimepata ugonjwa wa gari. Nimemwambia bado, anishikie tochi vizuri.

Habari za daktari wa macho tutazizungumza ukija, na uje haraka, umtoe Kifaru nje wewe. Mimi nitakaa pembeni nikutukane kila ukibadili gia. Mama yako usimwambie kitu. Hiyo kazi ya kunong'ona unaiweza.

Ni mimi baba yako, hasira bado ninayo,
Dereva Mstaafu, tangu jana