Mwaka wa Kuzaliwa kwa Mama

Dada Mwende,

Shikamoo kutoka Mbooni, kwa baridi na nduma za moto. Tangu asubuhi sijakaa chini. Fundi ameshalainisha simiti ya kaburi la Mama na anataka mwaka wake wa kuzaliwa kabla haijakauka. Ule wa kitambulisho karani alikisia tu, akimwangalia meno.

Nimekimbia kanisani. Ukutani kuna chati kubwa: mwaka wa Adamu, wa gharika, wa kutoka Misri. Pasta alinionyesha yote kwa fimbo bila kusita. Nilipomuuliza wa Mama akaanza kufuta ubao.

Nikapanda kwa Mama Mdogo, nikamkuta anapepeta maharagwe.

“Alizaliwa wakati wa njaa, ndiyo akaitwa Wayua,” akasema. “Mvua iliporudi nikazaliwa mimi, nikaitwa Mumbua.”

“Lakini njaa ya mwaka gani? Fundi anangoja.”

“Wewe keti, unanitia vumbi kwa maharagwe. Hata manabii walisema tu, mwaka ule mfalme alikufa. Kuna mtu aliwaitisha namba?”

Sikuketi. Nimeshuka mbio na fundi anaandika nikimwangalia: “Wayua. Alizaliwa wakati wa njaa, akalisha watu.”

Kadi hii ikikufikia simiti itakuwa imekauka, kwa hivyo usigombane na mimi. Wakumbatie watoto, na uwaambie kila mmoja mvua ilikuwaje alipozaliwa.

Ndugu yako,
Kyalo