Sauti ya Baba Kwenye Farasi wa Mbao

Kaka yangu,

Shati ulilomtumia baba limemkaa vizuri, analiringia mpaka majirani wamechoka. Ahsante sana.

Ile bustani ya bembea imeuzwa tena. Kampuni ya kwanza ilimwajiri baba kuendesha farasi wa mbao, ya pili ikawapaka rangi mbaya, ya tatu ikaleta mtambo wa kujiendesha na kumstaafisha. Ila kabla hajaondoka, wakarekodi ule wito wake wa kila mzunguko, ukawa unatoka kwenye spika. Hawa wa sasa wameng'oa kila kitu, hata lango, wakabakiza farasi na spika yao tu. Nikamwendea meneja wao, roho juu, nikamwomba asiifute sauti ile. Akacheka: "Dada, nani aifute? Wanangu hawapandi bila kuisikia." Mungu ambariki, pamoja na tai yake inayofika magotini!

Umeuliza sana mbona baba haji kwenye simu. Hajakununia, kaka. Ni kiharusi. Kimemwibia maneno yote, ila akili iko pale pale.

Jumapili nilimpeleka bustanini kwa kiti chake cha magurudumu. Farasi wakajaa watoto, spika ikakoroma, kisha baba yetu mwenyewe akanguruma kutoka humo: "Shikeni sana, wanangu, dunia inazunguka!"

Watoto wakakumbatia shingo za farasi. Baba naye akashika kiti kwa ule mkono wake mzima, akanikazia macho, kama anauliza mbona mimi sijashika kitu.

Nikamshika yeye.

Mdogo wako, mwenye shukrani tele