Viti vya Kupokelea Wakwe

Mama Raya,

Ukirudi sokoni, uji uko kwenye chupa. Vile viti vya plastiki msivikalie, rangi inabanduka.

Asubuhi wakwe walipofika uliniuliza, "Ulitanguliza ile praima ya maji?" Nikakujibu ndiyo. Sikuipaka hiyo rangi ya kwanza ya kushikisha. Niliona itanichelewesha, nikapiga rangi juu ya plastiki tupu, haikushika. Mama mkwe wa Raya alipoinuka, baibui lake lilijaa magamba ya rangi ya dhahabu. Ukawaambia, "Mnisamehe, rangi mbaya nilinunua mimi." Nami nikakuacha ubebe lawama.

~~Nimekwenda kazini.~~

Nimekwenda stendi ya Msamvu kuwawahi wakwe kabla basi la Matombo halijaondoka, niwaambie ukweli kwa mdomo wangu. Mwambie Raya asikukasirikie. Aliyemwaibisha ni mimi.

Baba Raya