Arpine Aliyekataa Kuligeuza Gari la Mirihi

Mwaka umetimia, Arpine, tangu ututoke, na bado kuna watu wanaotuambia tuandike kwamba umepumzika. Hatuandiki. Kupumzika hukukujua, na hatutaanza kukusingizia leo.

Ulikuwa dereva wa gari la roboti kule kwenye sayari ya Mirihi, ukiliongoza kutoka hapa Pasadena. Ulikuwa unaliandikia safari yake ya siku nzima, unaituma, kisha unasubiri majibu kama mama aliyemtuma mtoto dukani. Kabla ya kutuma uliijaribu safari kwenye zulia letu, mito ya kochi ikiwa ndiyo majabali. Ole wake aliyesogeza mto! Mama mkwe wako, Siranush, hakuacha kukutania: "Mwanangu, la Mirihi unalipitisha kwenye majabali, la hapa nyumbani umegonga pipa la taka tena!" Ulicheka ukammiminia kahawa.

Uliishi kwa saa za Mirihi, ambako siku ni ndefu kidogo kuliko yetu. Ndiyo maana ulifika kwenye harusi ya mdogo wako Vartan umependeza kwelikweli, siku moja baada ya watu kula na kuondoka. Vartan anasema hajakusamehe. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyelia kuliko sote.

Kwenye ukingo wa bonde moja uliona matabaka ya tope lililogeuka mwamba. Ukasema hapo palikuwa na ziwa, na kama kiumbe chochote kiliwahi kuishi Mirihi, hapo pangekifaa. Wakubwa wako kazini wakasema mteremko ni mkali, gari litapinduka, ligeuzwe lirudi tambarare. "Gari nalijua mimi," ukawaambia. "Haligeuki." Ulikuwa umetoka hospitali, kitambaa kichwani, sauti imekauka. Wiki ile ile ukatutoka.

Hawakungoja hata arobaini yako. Wakaitisha kikao waligeuze, wakijua hutakuwepo kuwajibu. Akasimama mwenzako Tuyet, uliyemfundisha kazi: "Jamani, msimzike mara mbili. Njia ameipanga mwenyewe. Anayeona kosa aonyeshe." Gari likaachwa liendelee, taratibu, miezi na miezi, na sisi huku roho juu.

Mwezi uliopita lilifika juu ukingoni, likatoboa mwamba. Unga uliotoka ni udongo wa ziwa, Arpine, ziwa la maji baridi yaliyotulia muda mrefu. Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Yule mkubwa aliyekupinga zaidi alikuja nyumbani na sahani ya halua. "Nimekuja kusema Arpine alikuwa sahihi," akasema.

Mumeo Hrach hakumkaribisha ndani. "Sisi tulijua siku zote, bwana. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Akaenda makaburini. Tulimfuata kwa mbali, tukamwona amevua kofia, anakwambia.

Tunaokukumbuka: mumeo Hrach, binti yako Nairi, mama mkwe wako Siranush, mdogo wako Vartan na mkewe, pamoja na Tuyet, ambaye sasa ni wa nyumbani.

Hatujakusahau, wala asitokee mtu wa kutuambia tuanze.