Saa za Asubuhi Bustanini

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa nafuu. Shemeji na watoto nawasalimu. Mimi sijambo, ila kazi imenikaba koo.

Uliniandikia kuwa umewatangazia majirani wote kwamba mdogo wako ndiye aliyeiokoa bustani ya mji. Kweli imependeza. Nyasi zimeota, vyoo vina maji, na watunza bustani watatu wameajiriwa kwa kiingilio kinacholipwa langoni. Kiingilio hicho kilitokana na utafiti wangu. Niliwauliza watu mia nne wanatoka wapi, huja mara ngapi, na kama wako tayari kulipa kidogo ili bustani itunzwe. Wengi walikubali. Mkuu wa idara alinisifu mbele ya wenzangu, nami kichwa kikavimba.

Mwezi uliopita nilipita nje ya uzio saa moja asubuhi, nikakuta wanawake wameketi kwenye ukingo wa mtaro, miguu barabarani. Mmoja, mwenye chupa ya chai, alinieleza kuwa mumewe amelazwa hospitali ya jirani, wiki ya sita sasa. Wodi hufunguliwa saa tatu, na zamani walikuwa wakingojea humo bustanini, kwenye viti. Nilimwambia kwamba tuliwauliza wanaoitumia bustani kabla ya kuweka kiingilio. Akaniuliza, wala hakuwa na hasira, tuliwauliza kina nani, maana wao walikuwa humo kila siku na hawakumwona mtu.

Dada, alisema kweli. Ratiba ilinitaka nianze kuuliza watu saa kumi na mbili na nusu. Mimi nilianza saa nne, siku zote, kwa sababu kulikuwa na baridi na kitanda kilikuwa kitamu. Kwenye ripoti nikaandika "kutwa nzima". Hakuna aliyejua ila mimi.

Jumatatu iliyofuata nilimweleza mkuu. Akasema kazi irudiwe yote, na safari hii msimamizi awe mwenzangu, mimi nishike karatasi tu. Tumeirudia. Kuanzia wiki ijayo lango litakuwa bure mpaka saa nne.

Yule mama nilimtafuta nimpe habari. Wenzake walisema mumewe alifariki siku kumi kabla, naye amesharudi kwao.

Mama usimsomee barua hii. Nitamweleza mwenyewe nikija. Nibusie wadogo, na shemeji mwambie nimepokea viatu, vimenikaa sawasawa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba