Mgongo Chini

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, bati zinapiga kelele, na chumba cha mazoezi nimekifunga. Hakuna mwanafunzi atakayevuka matope haya kuja kukabwa shingo.

Leo asubuhi nimeulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu, ndiyo maana naandika.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mtu wa jiu-jitsu. Nilipigana mapambano mchanganyiko, yale ambayo ngumi, mateke na mieleka vyote vinaruhusiwa, lakini ngumi zangu hazikumtisha mtu. Kazi yangu ilikuwa chini. Nilikuwa nalala chali kwa hiari, mpinzani ananijia juu akidhani amepata, kisha namfunga kwa miguu na kumkaba mpaka agonge mkeka kusalimu amri. Ndivyo nilivyoshinda karibu mara zote.

Tatizo lilikuwa Papa, baba yangu. Ujana wake alicheza mieleka kijijini kwao Yanonge, kwenye mchanga wa mto maji yanapopungua. Sheria ya huko ni moja: mgongo ukigusa mchanga umeshindwa, ngoma zinanyamaza, unakwenda nyumbani.

Pambano langu la kwanza hapa Kisangani alikuja na shati lake la misa, akakaa mstari wa mbele. Nikalala chali. Kabla sijamaliza kumfunga yule jamaa, Papa alikuwa amekwishasimama na kutoka. Nilishinda nikiangalia kiti kitupu.

Nyumbani hakunipa hata pole.

“Mugongo yako iligusa chini mbele ya batu. Bon. Tusiongee tena.”

Na mimi, kwa kiburi, sikuongea tena. Ningeweza kumweleza kwa dakika tano. Nilisema moyoni, mzee wa mchangani ataelewa nini? Nilikuwa mjinga, na mjinga mwenye misuli ana hasara mara mbili.

Mwaka uliofuata alikuja wakala kutafuta mpiganaji mmoja wa kupeleka Johanesburg. Nilipangiwa bondia. Kila mtu alijua kwamba nikimshusha chini, amekwisha. Papa akakubali kuja tena. Nikaapa, bila kumwambia mtu, kwamba siku hiyo mgongo wangu hautagusa chini.

Kocha alipasua koo: “Chini! Fiston, shuka chini!” Nikabaki wima, nabadilishana ngumi na mtu aliyekula ngumi tangu utoto. Raundi ya pili taya langu likavunjika. Nilianguka kifudifudi.

Kifudifudi!

Papa alifurahi. Njia nzima kutoka hospitali, mimi taya limefungwa kwa waya, yeye alikuwa akimwambia kila tuliyekutana naye: “Alipigwa, ndiyo, lakini mugongo haikugusa!” Sijawahi kumwona akijivunia mtoto wake hivyo. Bondia akapanda ndege. Mimi nikapigana mara chache nyingine, vibaya, nikiogopa kulala chini na nikiogopa kusimama, kisha nikaacha.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi bado sijaozesha hata binti mmoja, lakini mjukuu huyo ninaye, na ameshaota meno.

Kwa miaka yote hii nimemlaumu Papa. Nilimlaumu hata alipopooza upande wa kushoto. Tangu hapo analala chali siku nzima, akitazama dari. Kuna siku niliwaza: na mgongo wako je, mzee? Naona aibu kuliandika, lakini niliwaza hivyo.

Leo dada yangu Béa, ambaye ndiye anayemtunza, alikwenda sokoni akaniachia kazi ya kubadilisha shuka. Papa ni mzito. Nilipomvuta alilia kwa maumivu. Nikasimama nikifikiri, kisha nikamwambia kile ninachowaambia wanafunzi siku ya kwanza: kunja goti lililo zima, kanyaga kwa kisigino, inua kiuno, sasa geukia ubavu. Akajaribu. Mara ya tatu mwili wote ukageuka, kwa nguvu zake mwenyewe, na shuka likatoka bila taabu.

Alihema kwanza. Kisha akataka kujua nani alinifundisha.

“Iko ile nilikuwa nafanya pale chini, Papa. Wakati mutu iko juu yangu.”

Jicho lake moja likajaa maji.

“Kumbe pale chini ulikuwa unafanya kazi,” akasema. “Miye niliwaza umeshindwa. Juu ya nini haukuniambia?”

Nilichukua shuka chafu nikatoka nalo uani, nikasimama kwenye mvua mpaka Béa aliporudi na kuniuliza kama nimerogwa. Nimemlaumu mzee wa watu bure. Yeye alihukumu kwa sheria aliyoijua. Mwenye maelezo nilikuwa mimi, na niliyameza, yakanigharimu taya na safari na miaka mingi ya kuongea na baba yangu.

Ameomba nimwonyeshe. Béa ameshamgeuzia mto ili aione sakafu. Kesho, mvua inyeshe au isinyeshe, nitatandika mkeka kando ya kitanda chake, nilale chali mbele ya macho yake, nimwonyeshe pambano lile la kwanza toka mwanzo hadi mwisho.

Safari hii hataondoka katikati.

Laiti angeweza.